Jua Bonde Lako: Namna ya Kujikinga na Sakitu, Ukungu, Upepo na Mafuriko

Utabiri wa hali ya hewa husomwa kwa majina ya mikoa: Njombe, Iringa, Lindi, Dar es Salaam, Unguja. Hatari yenyewe haipigi mkoa mzima. Sakitu huunguza viazi vya bondeni na kuviacha vya mlimani vikiwa kijani. Mvua iliyonyesha Pugu huwafikia watu wa Jangwani ambao hawajaona hata tone. Kwa hiyo kujikinga kuna sehemu mbili. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) inakupa siku na eneo. Mahali penyewe na saa yenyewe, hayo ni juu yako wewe unayeishi hapo. Makala hii ni ya kukusaidia kwenye sehemu hiyo ya pili.

Kuisoma tahadhari

TMA hutoa taarifa zake kwa rangi. Njano ni angalizo: fuatilia taarifa na ujiandae. Rangi ya chungwa ni tahadhari: chukua hatua sasa. Nyekundu ni tahadhari kubwa: hatari kwa maisha na mali, na si wakati wa kusafiri wala kwenda baharini. Chini ya rangi huandikwa uwezekano wa jambo kutokea na ukubwa wa athari zake. Usiishie kwenye rangi, soma na hayo mawili, kwa sababu jambo lenye uwezekano mdogo linaweza kuja na athari kubwa.

Zielewe na namba. Taarifa ikisema "mvua kubwa" maana yake ni zaidi ya milimita 50 kwa saa 24. Ziweke hizo juu ya paa la mita 10 kwa 10: ni lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200, kutoka nyumba moja tu. Zidisha kwa nyumba za mtaa wako, kisha jiulize mfereji mlioujaza taka utayapeleka wapi maji hayo. Ikisema "mawimbi yanayofikia mita 2", hicho ni kipimo cha wastani wa mawimbi makubwa. Katikati yake huja wimbi mojamoja lililopita hapo kwa mbali.

Jambo la mwisho ni tarehe. Kila msimu wa mvua hurudi kwenye makundi ya WhatsApp taarifa za mwaka juzi. Kama haina tarehe, au huioni kwenye kurasa za TMA wala kwenye redio, usiisambaze.

Sakitu: adui wa bondeni

Sakitu, ambayo wengi huiita barafu tu, ni ya kipupwe, Juni hadi Agosti. Inajulikana zaidi kwenye nyanda za juu kusini, hasa Njombe, Makete na uwanda wa Kitulo ulio kwenye mita zipatazo 2,600 juu ya usawa wa bahari. Usiku usipokuwa na mawingu wala upepo, ardhi hupoteza joto lake haraka. Hewa iliyopoa ni nzito. Huteremka polepole na kutuama bondeni. Ndiyo maana shamba la chini huungua wakati la jirani, hatua mia mbili juu yake, limesalimika.

Dalili ni za kuonekana kwa macho: anga jeupe tangu jioni, nyota nyingi, majani hayatikisiki. Saa mbaya ni kuanzia saa 10 usiku hadi jua linapochomoza. Kumbuka pia kwamba vipimajoto vya vituo huwekwa kivulini, juu kidogo ya kimo cha mtoto. Joto la kwenye majani yaliyo karibu na ardhi huwa chini zaidi ya hapo, hivyo utabiri wa nyuzi 3 unaweza kukuletea sakitu shambani.

Kwa mkulima, hatua ni hizi:

- Mazao yanayoogopa baridi, kama viazi mviringo, nyanya, maharage na miche ya parachichi, yapande kwenye mteremko. Bonde liachie kabichi na malisho.
- Kama shamba lina ua mzito upande wa chini, fungua nafasi ili hewa baridi ipite isituame.
- Mwagilia mchana, si usiku. Udongo wenye unyevu hutunza joto la jua na kulitoa polepole usiku; udongo mkavu hautunzi kitu.
- Matandazo mazito huuzuia udongo kutoa joto lake. Usiku wa hatari yasogeze kando, yasikae chini ya mimea.
- Miche michanga ifunike kabla jua halijazama, kwa nyasi kavu, magunia au ndoo. Ukitumia nailoni, isimamishe kwa fito isiguse majani. Funua jua likishapasha.
- Zao likiungua, usiling'oe siku hiyo. Kiazi kilichoungua majani mara nyingi huchipua upya kutoka chini. Subiri wiki moja au mbili ndipo uamue.

Nyumbani, hatari kubwa ya kipupwe ni jiko la mkaa lililoingizwa chumbani ili kupasha joto. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Moshi ukiisha watu hudhani jiko ni salama, hufunga dirisha na kulala, na wengine hawaamki. Jiko lipashe chumba watu wakiwa macho na dirisha likiwa wazi, kisha litolewe nje kabla ya mtu yeyote kulala. Atakayeamka na kichwa kizito, kichefuchefu na miguu isiyo na nguvu atolewe nje haraka na kupelekwa hospitali.

Ukungu: dereva, piga dimu

Wataalamu huuita ukungu pale mtu anaposhindwa kuona umbali wa kilomita 1. Kwenye barabara za Mufindi, Njombe, Tukuyu na Lushoto umbali huo hupungua hadi mita chache, hasa alfajiri na mara baada ya mvua. Ukungu wa bondeni huyeyuka jua likipanda. Ule ambao ni wingu lililokalia mlima unaweza kukaa siku nzima. Kwa hiyo "tusubiri saa moja" ni ushauri mzuri bondeni, ila mlimani huenda usisaidie.

Fanya hesabu kabla ya kukanyaga mafuta. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hupita karibu mita 17 kila sekunde. Ukiona mita 50 tu mbele yako, una sekunde 3 za kuona lori bovu, kushtuka na kusimama. Hazitoshi. Punguza mwendo hadi uweze kusimama ndani ya umbali unaouona.

Taa kali hazisaidii: mwanga wake hugonga matone ya ukungu na kukurudia machoni. Tumia dimu, na taa za ukungu kama zipo. Fuata mstari wa pembeni kushoto, usifuate wa katikati, maana huko ndiko unakotokea mwanga wa anayekuja. Usilipite gari lililo mbele kwa sababu tu linakwenda pole. Dereva wake anaona kile usichokiona wewe. Ukilazimika kusimama, toka barabarani kabisa.

Gari likiharibika, yale matawi ya miti tuliyozoea kuyatandaza barabarani hayaonekani kwenye ukungu mpaka dereva awe juu yake. Weka pembetatu za kuakisi mwanga mbali nyuma ya gari, washa indiketa zote mbili, na abiria wasimame nje ya barabara, si nyuma ya gari.

Wanafunzi wanaotoka nyumbani saa 12 asubuhi na sweta za kijani au buluu nzito hawaonekani kabisa. Wavalishe kitu cheupe juu, au washonee kipande cha kitambaa kinachoakisi mwanga kwenye begi, na wafundishe kutembea upande wa kulia ili wayaone magari yanayokuja.

Upepo: baharini na juu ya paa

Pwani ina pepo zake mbili kubwa. Kaskazi huvuma takriban Desemba hadi Machi. Kusi hushika kuanzia Mei na huwa na nguvu katikati ya mwaka. Julai 2012, wakati wa Kusi, boti ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja, na watu wengi walipoteza maisha.

Vimbunga ni nadra kwetu kwa kuwa tuko karibu na Ikweta, lakini nadra haina maana ya kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliibomoa Zanzibar na kuangusha mikarafuu na minazi. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita karibu na Mtwara na kuingia Msumbiji, na Mei 2024 Hidaya ilifika Mafia. Ukitazama miezi hiyo utaona kwamba Aprili na mwanzo wa Mei ndio wakati wa watu wa pwani ya kusini kusikiliza redio kwa makini.

Kwa wavuvi na wasafiri wa majini, sheria ni fupi. TMA ikitoa angalizo la upepo na mawimbi, ngalawa na mashua ndogo zisitoke. Vaa jaketi la kujiokoa tangu unapoingia. Ukilikalia, halitavalika chombo kikishalala ubavu. Mwambie mtu wa nchi kavu unakokwenda na saa ya kurudi. Chombo kikijaza kupita kiasi, shuka. Nauli inapatikana tena.

Nchi kavu, upepo huanza kwenye bati lililolegea. Ukishaingia chini yake hulinyanyua, na nafasi hiyo huyaondoa mengine. Kabla ya msimu panda juu ukague: misumari ya bati iliyochomoka irudishiwe kwenye papi, na kenchi zifungwe kwa waya au vyuma vilivyoshikwa kwenye linta, zisikalie ukuta kwa uzito wake tu. Mawe na matairi yaliyowekwa juu ya bati hayazuii kitu. Upepo ukizidi ndiyo yatakayomwangukia mtu. Punguza matawi yaliyoinamia nyumba. Waya wa umeme ukianguka, usiuguse wala usiukaribie, hata kama taa za mtaa mzima zimezimika.

Mafuriko: maji ya mtu mwingine

Mto Msimbazi huanzia vilima vya Pugu, hukusanya maji ya vitongoji vingi, kisha hupita Kigogo na Jangwani kwenda baharini. Ndiyo maana mkazi wa Jangwani hapaswi kutazama wingu la juu yake tu. Desemba 2011 mafuriko ya bonde hili yaliua watu na kuwaacha wengi bila makazi, na baadhi yao walihamishiwa Mabwepande. Mlimani mambo ni hayohayo, ila kasi ni kubwa zaidi: Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang viliingia Katesh na kuua watu zaidi ya 80.

Jifunze historia ya mahali pako. Waulize wazee maji yaliwahi kufika wapi. Tazama alama za matope kwenye kuta. Kiwanja kinachouzwa bei rahisi wakati wa kiangazi kikague tena wakati wa masika kabla hujalipa.

Maji yakianza kupanda:

- Zima umeme kwenye swichi kuu, mradi hujasimama majini. Kama umesimama majini, usiiguse.
- Toka mapema kwenda juu. Anza na watoto, wazee na wagonjwa. Godoro na televisheni ni baadaye.
- Usivuke maji yanayokwenda kasi. Sentimita 15 tu zinaweza kumwangusha mtu mzima, na 30 zinaweza kuliinua gari dogo lielee. Zikifika 60, magari mengi hubebwa.
- Usifuate gari lililofanikiwa kupita. Chini ya maji ya kahawia huoni kama kalavati bado lipo.
- Mlimani, ukiona mto umekuwa tope ghafla, au umepungua maji huku mvua ikiendelea, kimbia kwenda pembeni na juu. Huenda umezibwa huko juu na utaachia.

Maji yakishuka, ugonjwa hubaki. Vyoo vya shimo na visima vimechanganyika, kwa hiyo chemsha maji ya kunywa au yatie dawa ya klorini, hata yale ya bomba. Usile chakula kilichoguswa na maji ya mafuriko. Mtu akiharisha maji mengi, mpe ORS mara moja na umpeleke zahanati; kipindupindu huua kwa saa, si kwa siku. Choo cha shimo kilichojaa maji kinaweza kuporomoka, hivyo watoto wasikikaribie.

Maandalizi ya leo

Weka mahali pamoja tochi, redio ndogo ya betri, simu iliyochajiwa, dawa za wagonjwa wa nyumbani na maji safi ya siku mbili. Vyeti vya kuzaliwa, hati za kiwanja na kadi za bima vitie kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri. Andika ukutani namba 114 ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ya polisi, kwa maandishi ambayo mtoto anaweza kuyasoma.

Kisha zungumza na wa nyumbani mwako na majirani: maji yakija usiku tunakwenda wapi, nani anamchukua bibi, nani anabisha hodi kwa mama mwenye watoto wachanga? Yaamueni hayo jua likiwa linawaka, maana usiku wa maji hakuna nafasi ya kikao.