Waangalizi wa Wingu la Dhoruba

Ngurumo zikianza, sisi sote twajua la kufanya. Nguo zinaanuliwa kambani, watoto wanaitwa ndani, na yule aliyekutwa njiani hutafuta baraza ya jirani. Lakini katika nchi tambarare za katikati ya Marekani, hasa katika jimbo la Oklahoma, wako watu ambao wakisikia kwamba wingu la dhoruba linajengeka upande wa magharibi hujaza petroli garini, huchukua ramani na redio ya upepo, nao huondoka kulifuata. Si wazimu, ingawa baadhi ya jirani zao husema hivyo. Mwezi huu tumeona vema tujifunze habari zao, maana kazi yao inatuletea swali ambalo si jepesi: katika siku hizi za rada na setilaiti, jicho la mtu lingali lina kazi gani?

Wanachokitafuta ni kisulisuli. Neno hili si geni kwetu, maana twalijua tangu utoto katika habari za Eliya. Hapa nyumbani aghalabu tunaona chamchela tu, ile inayozungusha vumbi na majani makavu uwanjani wakati wa kiangazi, watoto wakiikimbilia kwa kelele. Kisulisuli cha Oklahoma, ambacho wenyeji hukiita tornado, ni kitu kingine. Hiki hufungamana na wingu kubwa la mvua na radi, nacho chaweza kuifagia nyumba hata ukabaki msingi. Marekani hupata visulisuli zaidi ya 1,000 kwa mwaka. Vingi ni vidogo na hupita upesi bila kumdhuru mtu. Vichache ndivyo vinavyoua.

Kisulisuli huzaliwaje?

Hewa yenye joto na unyevu hutoka Ghuba ya Mexico ikielekea bara. Hewa kavu huja kutoka nyanda za juu za magharibi, na juu zaidi hupita hewa ya baridi. Upepo wa chini hutoka kusini au kusini-mashariki, bali ule wa juu hutoka magharibi tena kwa mbio zaidi. Tofauti hiyo huifanya hewa ijiviringe kama mkeka unaokunjwa. Kisha hewa ya joto inayopanda huuinua ule mkeka na kuusimamisha wima, na wingu zima huanza kuzunguka polepole. Sisi tulio karibu na Ikweta tunayo joto na unyevu tele, lakini pepo zetu za juu na za chini hazitofautiani kwa kiasi hicho. Ndiyo maana tunayo radi, na mvua ya mawe pia, kama wajuavyo wakulima wa chai wa Kericho. Wavuvi wa Ziwa Victoria nao huona nguzo za maji zikishuka ziwani. Lakini visulisuli vikubwa kama vile vya Oklahoma ni adimu mno kwetu.

Kwa miaka mingi wakubwa wa idara ya hali ya hewa ya Marekani waliwakataza watabiri kulitumia neno tornado katika taarifa zao, wakiogopa kwamba hofu ya watu italeta madhara kuliko upepo wenyewe. Mwaka 1948 mambo yalianza kugeuka. Tarehe 20 Machi kisulisuli kiliupiga uwanja wa ndege za kijeshi wa Tinker, karibu na Oklahoma City, kikaharibu ndege nyingi. Maofisa wawili, Ernest Fawbush na Robert Miller, wakaagizwa wachunguze kama jambo la namna hiyo laweza kujulikana mapema. Siku tano tu baadaye waliona hali ya hewa inafanana mno na ile ya siku ya msiba. Wakatoa onyo, huku wakijua kwamba wakikosea watachekwa. Ndege zikafungwa au kuingizwa ndani. Jioni ile ile kisulisuli kikaja uwanjani pale pale.

Hadhari na onyo

Leo kituo cha taifa cha kutabiri dhoruba kiko katika mji wa Norman, Oklahoma. Yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo watu wa huko hufundishwa tangu shule ya msingi. Liko tangazo la hadhari: leo, katika wilaya hizi nyingi, hali yaruhusu kisulisuli, basi kaeni macho. Na liko onyo, ambalo hutolewa na ofisi ya hali ya hewa iliyo karibu: sasa hivi, katika eneo hili dogo, kisulisuli kimeonwa, au rada inaona mzunguko winguni, ingieni mahali pa usalama. Hadhari hudumu saa kadhaa. Onyo humpa mtu dakika chache tu, na mara nyingine halimpi hata moja.

Na hapo ndipo waangalizi wanapoingia. Rada ya Doppler hupima mbio za upepo ndani ya wingu, nayo ni chombo cha ajabu. Lakini mwali wake huenda karibu katika mstari ulionyoka, na dunia ni mviringo. Kwenye umbali wa kilomita 100 mwali huo umekwisha kupanda karibu kilomita moja na nusu juu ya ardhi. Rada huona tumbo la wingu, haioni miguu yake. Kweli, tangu rada hizo zilipoboreshwa miaka ya 2011 hadi 2013 zinaweza kutambua vipande vya mbao na mabati vinavyorushwa hewani, lakini habari hiyo huja nyumba ya mtu ikiwa imekwisha kuvunjika. Anayeweza kusema, "Nimekiona, kimegusa ardhi, kiko kaskazini ya njia panda fulani," ni mtu aliyesimama pale.

Kwa sababu hiyo, tangu miaka ya 1970 idara imekuwa na mpango uitwao Skywarn wa kuwafundisha watu wa kujitolea: wakulima, askari wa zimamoto, walimu, wapenda redio za upepo. Hawalipwi kitu. Somo lenyewe huchukua kama saa mbili, na sehemu kubwa yake ni kufundishwa kutodanganyika. Mawingu chakavu yanayoning'inia chini ya dhoruba yamewatisha wengi bure. Mwangalizi hujifunza kutulia na kutazama kwanza: je, linazunguka? Hujifunza pia kukaa upande wa kusini-mashariki wa dhoruba, kwa kuwa nyingi huelekea kaskazini-mashariki, na kuhakikisha njia ya kuondokea kabla ya kitu kingine chochote. Kisha hutoa taarifa fupi: ameona nini, wapi, saa ngapi, kinaelekea wapi.

Je, taarifa ya mtu mmoja ina uzito gani? Tutazame Joplin, katika jimbo la Missouri. Tarehe 22 Mei 2011 ving'ora vililia mapema, kisulisuli hakijafika mjini. Hata hivyo watu zaidi ya 150 walikufa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wakazi wengi hawakukimbilia usalama waliposikia king'ora cha kwanza. Walikuwa wamevisikia mara nyingi siku za nyuma bila kutokea jambo, basi wakangoja uthibitisho: wengine walifungua televisheni, wengine walitoka nje kuangalia mbingu wenyewe. Tusiwacheke. Nani kati yetu hajatoka mlangoni kuhakikisha kelele ni ya nini? Mtu huamini zaidi akiambiwa kwamba mwenzake amekiona, mahali anapopajua kwa jina.

Lakini si kila anayelifuata wingu ni mwangalizi wa namna hiyo. Wako wanaotafuta picha za kuuza, na wako wanaotafuta msisimko tu. Siku ya dhoruba kubwa magari yao huzijaza barabara za mashambani, na sisi hatuoni sifa katika hilo.

Siku ya El Reno

Tim Samaras wa Colorado hakuwa wa kundi hilo. Alikuwa fundi aliyetengeneza vyombo vizito, bapa, vya kuwekwa barabarani mbele ya kisulisuli ili vipime kinapopita juu yake. Tarehe 24 Juni 2003, karibu na kijiji cha Manchester, South Dakota, chombo chake kilipima kushuka kwa kani ya hewa kwa milibari 100, jambo ambalo lilikuwa halijapimwa na mtu. Wenzake walimjua kuwa mtu wa tahadhari.

Tarehe 31 Mei 2013, siku 11 baada ya kisulisuli cha mji wa Moore kuua watu 24, wingu jingine lilijengeka magharibi ya Oklahoma City, karibu na mji wa El Reno. Watu walikuwa bado na majonzi na hofu. Maelfu waliingia magarini kukimbia, barabara kuu zikaziba, na laiti kisulisuli kingefika kwenye misafara ile tungesoma habari nyingine kabisa. Kisulisuli kilishuka kidogo baada ya saa 12 jioni. Kwanza kilielekea kusini-mashariki, kisha mashariki, kisha ghafula kikageuka kaskazini-mashariki, kikaongeza mwendo na kupanuka hata upana wake ukawa kilomita 4.2. Hakijapimwa kipana kuliko hicho. Kilikuwa kimefunikwa na mvua, hata waliokuwa karibu hawakujua ukingo wake uko wapi. Samaras, mwanawe Paul, na mwenzao Carl Young walikuwa kwenye barabara ya vumbi ndani ya gari dogo. Wote watatu walikufa. Kisulisuli hicho kiliua watu wanane kwa jumla, na wote wanane walikuwa ndani ya magari.

Tangu siku ile mafunzo ya waangalizi hukitaja El Reno mara kwa mara, na wengi walioponea chupuchupu wamekiri kwamba sasa husimama mbali zaidi.

Hata hivyo habari ya jioni ile haikuishia hapo. Mtafiti Anton Seimon na wenzake waliwaomba waliokuwa huko watoe filamu na picha zao. Zililetwa nyingi, lakini saa za kamera hazikupatana. Wakatumia radi. Mmweko mmoja wa radi huonekana na kamera zote kwa wakati ule ule. Basi wakazilinganisha filamu kwa mimweko, mpaka kisulisuli kikaonekana kutoka pande zote kwa dakika zile zile. Kisha mtafiti Jana Houser akaziweka picha hizo kando ya vipimo vya rada iliyokuwa imepandishwa juu ya lori karibu na hapo. Kwa miaka mingi wataalamu walikuwa wakifundisha kwamba mzunguko huanza juu winguni na kushuka. Picha za El Reno zilionyesha kisulisuli kipo ardhini dakika kadhaa kabla rada haijauona mzunguko wake juu kidogo ya hapo.