Mwasi wa Jamhuri Changa: Shujaa au Mhalifu?

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mdahalo juu ya mada hii, lakini kengele ikalia kabla hatujaafikiana. Nimeona nichukue kalamu niendeleze somo hapa.

Kwanza tufafanue maneno. Uasi ni kukataa kutii mamlaka, aghalabu kwa nguvu. Jamhuri ni nchi isiyo na mfalme, ambayo mamlaka yake hutoka kwa raia. Fumbo ni hili: raia akiasi jamhuri, anamwasi nani, ikiwa serikali ni yake mwenyewe?

Mfano tunao hapa hapa Meru. Baimungi Marete alikuwa kiongozi wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya. Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, wapiganaji walisamehewa na kutakiwa wasalimishe silaha. Musa Mwariama alitoka msituni, na picha yake akiwa na Mzee Jomo Kenyatta inajulikana sana. Baimungi na wenzake hawakuridhika. Kenya ikawa jamhuri tarehe 12 Desemba 1964. Mapema 1965, Baimungi akauawa na askari wa serikali ya nchi aliyoipigania.

Maoni ni matatu. Ya kwanza ni ya serikali. Nchi ilikuwa bado changa. Januari 1964 wanajeshi waliasi huko Lanet, Nakuru, na kaskazini mashariki vita vya Shifta vilikuwa vikiendelea. Kila mtu akibaki na bunduki yake, sheria itakuwa ya nani?

Ya pili ni ya waliobaki msituni. Wao walipigania ardhi. Sasa mashamba ya walowezi yalikuwa yanauzwa kwa mikopo. Mtu aliyetoka msituni mikono mitupu angetoa wapi pesa?

Ya tatu ni ya Bildad Kaggia, aliyefungwa pamoja na Kenyatta baada ya kesi ya Kapenguria. Yeye aliwatetea wasio na ardhi kwa maneno, bungeni. Mwaka 1964 akaacha cheo cha naibu waziri wa elimu. Mwaka 1966 akajiunga na chama cha KPU cha Oginga Odinga, nacho kikapigwa marufuku mwaka 1969.

Msidhani ni Kenya tu. Mwaka 1786, Marekani ikiwa changa, wakulima wa Massachusetts waliolemewa na madeni na kodi waliasi wakiongozwa na Daniel Shays. George Washington aliingiwa na hofu. Thomas Jefferson, aliyekuwa balozi Ufaransa, aliona uasi mdogo huikumbusha serikali wajibu wake. Uasi ulizimwa, lakini wengi walisamehewa, Shays akiwemo.

Nyanya yangu huuza maharagwe soko la Gakoromone. Nilipomwuliza kuhusu Baimungi, alitazama huku na huku, akapunguza sauti, eti kana kwamba bado ni 1965.

"Mjukuu wangu, baba yangu alitoka msituni bila kitu. Jirani aliyekuwa homugadi alikuwa na shamba. Lakini baba hakurudi msituni. Alisema amechoka kuzika watu."

"Sasa nyanya, nani alikuwa sawa?"

Akampimia mteja gorogoro ya maharagwe. Hakunijibu.

Kwa kweli, mimi naona baba yake nyanya alichagua vizuri, lakini alistahili kusikilizwa. Siungi mkono kushika silaha dhidi ya jamhuri, kwa sababu wapiganapo fahali wawili, nyasi ndizo huumia. Hata hivyo, serikali ikimwambia raia atumie maneno, isifunge mlango wa maneno. Kaggia aliutumia mlango huo, ukafungwa. Mau Mau wenyewe waliendelea kuwa haramu kisheria hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru!

Katiba ya 2010, ibara ya 37, inampa kila mtu haki ya kuandamana kwa amani bila silaha. Juni 2024 vijana waliandamana kupinga Mswada wa Fedha. Wengine waliuawa, bunge likavamiwa, na rais akakataa kutia mswada sahihi. Kwa hivyo somo hili halijaisha.

Maswali ya kujadili:
1. Kuna tofauti gani kati ya maandamano na uasi?
2. Ungekuwa Mwariama au Baimungi mwaka 1964, ungefanya nini? Toa sababu.

Kalamu naiweka chini. Atakayepinga, tukutane kwenye mdahalo.