SOMO: Uhuru wa Kuuliza, Kudai na Kuimba



Katika somo hili tunajiuliza: uhuru ni nini kwa mtu aliyeacha shamba lake huko Masisi au Rutshuru, akapokelewa na ndugu hapa Mapendo? Wengine humwambia, "Wewe ni mgeni, nyamaza." Sisi hatukubali. Aliyekimbia ameacha mali. Hakuacha uraia wake.

1. Uhuru katika siasa

Siasa si kura tu. Katiba ya nchi yetu ya 18 Februari 2006, kifungu cha 27, inampa kila Mkongomani haki ya kuwaandikia wakuu barua ya madai, peke yake au pamoja na wenzake. Wakuu wanapaswa kujibu katika muda wa miezi 3, na hakuna anayeruhusiwa kumshtaki mtu kwa kuandika barua hiyo. Tena, Kanuni za Umoja wa Mataifa za 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinasema kwamba wao pia wana haki ya kushiriki katika mambo ya jamii. Basi mtaa unapokutana kuzungumzia maji au misaada, mama aliyekimbia asimame aulize, na kiongozi amjibu.

2. Uhuru wa kudai haki

Vijana wa Lucha walianza hapa Goma mwaka 2012. Walidai maji, kazi na uongozi mwema, bila silaha. Februari 2016, 6 kati yao walikamatwa wakitayarisha vitambaa vya maandishi. Siku chache mbele ya hapo Leopards walikuwa wamepata kombe la CHAN, na vijana waliandika kwamba demokrasia nayo itapatikana. Walihukumiwa miaka 2, kisha mahakama ya rufaa ikapunguza adhabu kuwa miezi 6. Kosa lao lilikuwa kitambaa na rangi. Hawakumpiga mtu, hawakuchoma duka.

3. Uhuru katika sanaa

Kuanzia 2014, tamasha la Amani lilikusanya hapa Goma wanamuziki na wachezaji wa Kongo, Rwanda na Burundi kwenye jukwaa moja. Hiyo ni sanaa inayokaribisha.

Lakini sauti inaweza pia kuua. Mwaka 2008 mahakama ya kimataifa huko Arusha ilimhukumu mwimbaji Simon Bikindi wa Rwanda miaka 15 gerezani. Hakuhukumiwa kwa sababu ya nyimbo zake zenyewe. Ni kwa sababu Juni 1994 alipita barabarani na kipaza sauti akihimiza watu waue Watutsi.

Tofauti iko wapi? Kitambaa cha vijana kiliwaachia wakuu nafasi ya kujibu. Kipaza sauti kile kilitaka jirani asiwepo tena. Hiki ndicho kipimo chetu: neno langu linamwachia mwenzangu nafasi ya kuishi na kunijibu?

4. Uhuru na busara

Hatutawadanganya kwamba kusema hakuna hatari. Januari 2025 vita viliingia tena mjini mwetu, na tarehe 13 Februari mwanamuziki Delcat Idengo aliuawa hapa Goma. Uhuru haumlazimishi mtu kujitupa motoni. Mkiona hatari, kaeni kwanza pamoja: nani aseme, wapi, wakati gani? Barua yenye sahihi za watu wengi haimwachi mmoja peke yake. Na siku ambayo hata barua ni hatari, kutunza kumbukumbu ya yaliyotokea ni kazi pia.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika mikutano ya mtaa wetu, ni nani hajapata kusema hata mara moja? Kwa nini?
- Kama tungeandika barua moja ya madai, tungedai nini kwanza?
- Kuna wimbo au mzaha tunaourudia unaomdharau jirani wa kabila lingine? Tutafanya nini?

Viongozi, tunawaomba muanze na swali la kwanza, na ninyi muwe wa mwisho kusema.