Afya ya Akili ya Wataalamu wa Fiziotherapia Wakati wa Korona

Tunapozungumzia korona tunawakumbuka madaktari na wauguzi. Wodini walikuwamo pia wataalamu wa fiziotherapia, ambao wengi wetu tunawajua kwa kumfundisha aliyevunjika mguu kutembea tena. Tuangalie walichokifanya, kisha yaliyowapata moyoni.

Kazi yao wodini
Juni 2021 wimbi la pili lilipoikumba Uganda, vyuo vilifungwa na watu wakawekewa zuio la siku 42. Wodi zilijaa, oksijeni ikawa adimu. Mgonjwa ambaye mapafu yake yamezidiwa husaidiwa kwa kulazwa kifudifudi, ili sehemu ya mapafu iliyo upande wa mgongo ipate kufunguka. Kumgeuza mtu aliye kwenye mashine ya kupumulia ni kazi ya watu kadhaa, huku wakichunga bomba lisichomoke. Mtaalamu wa fiziotherapia huwa miongoni mwao. Pia humsaidia mgonjwa kutoa makohozi, na akipata nafuu humfundisha kukaa, kusimama na kupiga hatua, kwani misuli hudhoofu haraka kitandani.

Mzigo wa moyo
Kwanza ni hofu. Anamsaidia mgonjwa kukohoa akiwa karibu na uso wake, kisha anarudi nyumbani kwa wazazi au watoto.

Pili ni msiba. Jamaa wanapozuiwa kuingia, yeye ndiye anayezoeana na mgonjwa. Jana walihesabu hatua tatu pamoja, leo kitanda ni kitupu, na mgonjwa mwingine anasubiri.

Tatu ni jukumu geni. Aliyezoea kutibu maumivu ya mgongo anahamishiwa kwa wagonjwa mahututi baada ya mafunzo mafupi.

Mwaka 2019, kabla ya korona, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilieleza dalili tatu za uchovu utokanao na msongo wa kazi usiodhibitiwa: nguvu kuisha, moyo kuikinai kazi, na mtu kuona hafanyi lolote la maana.

Je, ni udhaifu wa imani?
Muislamu mwenye dalili hizi huweza kuambiwa, au kujiambia mwenyewe, kwamba imani yake imepungua. Hapa tuwe waangalifu. Salmaan Al-Faarisiy (r.a.) alimkuta Abu Dardaa (r.a.) akifunga mchana na kukesha usiku kwa ibada. Alimtaka ale na alale, akamkumbusha kuwa nafsi yake na ahali zake wana haki juu yake. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.), alimsadikisha Salmaan. Ikiwa ibada ya sunna ina kiasi, zamu za hospitali hazikosi kuwa na kiasi. Naye Nabii Yaaqub (a.s.) alihuzunika mpaka macho yake yakawa meupe, na subira yake haikutoweka.

Wajibu wetu
Ukiwa na ndugu anayefanya kazi hii, usianze na mawaidha. Muulize analala vipi, umsikilize. Mpunguzieni kazi za nyumbani. Huzuni ikiendelea wiki mbili, mshauri amwone mshauri nasaha au daktari. Akizungumzia kujidhuru, usimwache peke yake; mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Na ninyi mnaosomea tiba, mtakapokuwa wasimamizi, pangeni zamu zenye mapumziko, na mgonjwa akifariki wapeni waliomhudumia dakika chache za kukaa pamoja kabla ya kuendelea na kazi.