Nyumba ya Wazazi Kando ya Ziwa

Baadhi yetu tumeachiwa na wazazi nyumba ya zamani kando ya Ziwa Victoria. Kuitengeneza iwe mahali pa familia kupumzika ni jambo jema, lakini huweza kuleta ugomvi: baba anawaza mabati mapya, mama anawaza karo.

Kwanza, pataneni juu ya kiasi cha fedha kabla ya kununua hata msumari mmoja. Pili, chunguzeni maji. Mwaka wa 2020 ziwa lilipanda kupita kiwango cha 1964, na nyumba nyingi za ufuoni zikaingiwa na maji. Ikiwa yalifika mlangoni penu, afadhali mjenge palipoinuka. Tatu, anzeni na paa, kisha kuta. Rangi ya mafuta hufungia unyevu ukutani kisha ikabambuka; chokaa huuacha utoke. Wekeni wavu wa mbu madirishani, kwani malaria ni nyingi huko.

Mapambo yaje mwisho, na kila mtoto achague kitu kimoja.

Jioni ya leo ulizaneni: Je, nyumba hii twaitaka sote wawili? Msimwite fundi kabla ya kujibu.