Baki Iende Wapi? Kuingia katika Kazi ya Hesabu za Kompyuta Ukiwa Ng'ambo ya Likoni

Programu ya kwanza niliyolipwa kuiandika ilikuwa ya chama cha akina mama wa Mtongwe. Faida ya kugawana ilikuwa shilingi 10,000, wanachama 23. Kompyuta ikagawa, ikapata 434.78 na ushei, nami nikaiamuru ikadirie hadi shilingi nzima: 435 kwa kila mmoja. Mweka hazina, mama aliyeishia darasa la saba, aliitazama karatasi kwa muda mfupi tu akaniuliza, "Mwanangu, hizi shilingi 5 za zaidi umezitoa wapi?" Alikuwa amezidisha kichwani: 435 mara 23 ni 10,005. Nilikuwa nimegawa pesa ambazo hazipo.

Swali lake ndilo kazi yenyewe. Wako watu duniani wanaoishi kwa kushughulikia jambo hilo moja: namba inapokataa kuenea ndani ya mashine, kinachobaki kinakwenda wapi, na nani ameamua hivyo. Fani yao ni hesabu za kompyuta, na ina kongamano lake la kimataifa tangu 1969. Kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe, hapa Mombasa, anaweza kuianza kwa simu aliyonayo, kwa sababu sehemu kubwa ya fani hii huhitaji subira kuliko vifaa.

Anza na thumuni. Weka Python, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu yako ya Android; haitozwi chochote. Andika kitanzi kinachojumlisha 0.125 mara nane. Utapata 1 kamili. Sasa jumlisha 0.1 mara kumi kwa njia hiyohiyo. Utapata 0.9999999999999999. Usipite hapo mpaka uelewe kwa nini. Kompyuta huhifadhi namba kwa msingi wa mbili, kwa hiyo nusu, robo na thumuni, vipimo vya wazee wetu sokoni, huingia ndani yake bila kupoteza kitu. Sehemu ya kumi haiingii. Kwa msingi wa mbili inakuwa mfuatano wa tarakimu usiokwisha, kama vile theluthi inavyoandikwa 0.333 bila mwisho, na mashine haina budi kuikata mahali fulani. Chukua daftari, uigeuze 0.1 kwa mkono hadi tarakimu ya ishirini. Mkono ukichoka ndipo jambo hili linapokukaa.

Ukishajua hilo, utaona kwa nini pesa huhifadhiwa kama senti nzima. Shilingi 434.78 iandike 43478, namba nzima isiyo na nukta. Ukisahau yote mengine, hili moja usilisahau.

Aliyesoma mirathi madrasa ana mtaji mwingine. Walimu wa mirathi hawagawi mapema. Kwanza hutafuta asili ya mas-ala, yaani namba moja inayogawika kwa mafungu yote, halafu hufanya kazi kwa namba nzima mpaka mwisho. Tuseme marehemu ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume ana nusu, dada wana theluthi mbili. Asili ni 6: mume 3, dada 4, jumla 7. Mafungu yamezidi mali! Fiqhi ina jibu, nalo ni aul: asili inapandishwa kuwa 7, na kila mmoja anapunguziwa kwa kadiri ya fungu lake. Mali ikiwa 700,000, mume atapata 300,000 na kila dada 200,000.

Sasa fanya mali iwe shilingi 1,000,000 uandike programu, kwa senti nzima. Mume atapata senti 42,857,142 na kila dada 28,571,428. Jumlisha: zinabaki senti 2. Kanuni moja inayotumika sana humpa senti ya kwanza yule aliyekatiwa kipande kikubwa zaidi, naye hapa ni mume. Senti ya pili je? Dada wawili wamekatiwa sawasawa. Hakuna hesabu itakayokuamulia. Lazima kanuni iandikwe na mtu, iwe wazi, na wenye mali waikubali. Fanya zoezi hili na mas-ala kumi tofauti, kisha mpelekee mwalimu wako wa mirathi majibu ayakague. Huwezi kupata mkaguzi bora zaidi mtaani. Nikuongezee kwamba al-Khwarizmi, ambaye jina lake ndilo lililozaa neno algorithimu, alijaza sehemu kubwa ya kitabu chake cha aljebra kwa masuala ya wasia na mirathi.

Jifunze pia kuogopa kukata upande mmoja. Soko la hisa la Vancouver, Kanada, lilianzisha kipimo chake cha bei za hisa mwaka 1982 kikiwa 1,000. Kila kilipokokotolewa upya, programu ilizitupa tarakimu zilizozidi tatu baada ya nukta, daima kwa kushusha. Kufikia Novemba 1983 kipimo kilisoma karibu 524. Kilipokokotolewa sawasawa kilikuwa takriban 1,098. Na mjini Dhahran, Saudi Arabia, tarehe 25 Februari 1991, mtambo wa Patriot wa kuzuia makombora ulishindwa kulizuia moja, na wanajeshi 28 wa Marekani wakafa. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde, ile 0.1 yetu, ikiwa imekatwa ili ienee kwenye biti 24, yaani tarakimu 24 za msingi wa mbili. Baada ya takriban saa 100 bila kuzimwa, saa yake ilikuwa imepotoka kwa theluthi moja ya sekunde.

Dawa ya kawaida utaikuta katika kanuni iitwayo IEEE 754, iliyotoka 1985, na ambayo karibu kila kompyuta na simu unayoishika inaifuata. Namba ikiangukia katikati kabisa, inapelekwa kwa jirani aliye shufwa: 2.5 inakuwa 2, na 3.5 inakuwa 4. Hivyo makosa hayaegemei upande mmoja. Aliyeongoza fikra za kanuni hiyo ni William Kahan wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, akatunukiwa Tuzo ya Turing mwaka 1989. Makala ya kuanzia ni ya David Goldberg ya 1991 kuhusu namba za nukta inayoelea, na inapatikana bure. Ni ngumu. Soma ukurasa mmoja kwa siku, ukijaribu kila mfano.

Namba nyingine si za kuhesabiwa kabisa. Chukua tokeni ya stima, tarakimu 20, uibandike kwenye Excel kama namba. Tarakimu tano za mwisho zitageuka sifuri, kwa sababu Excel hushika 15 tu. Tokeni hiyo imejengwa kwa biti 66, kwa hiyo hata namba nzima ya biti 64 haiitoshi. Ihifadhi kama maandishi. Vivyo hivyo namba za simu na za vitambulisho.

Ukitaka kuingia ndani ya mashine yenyewe, utakutana na tatizo la kubeba, yaani ile moja inayopelekwa safu inayofuata unapojumlisha. Mfano wa kulikwepa ulipita hapahapa Mombasa. Mwaka 1942 wavunja siri wa Uingereza walihamia Mombasa wakiwakimbia Wajapani, wakapewa shule ya Allidina Visram, kisiwani. Msimbo mmoja wa Wajapani waliopambana nao, JN-25, ulifichwa kwa kujumlisha bila kubeba: 7 na 8 ni 5, ile moja inatupwa. Ukijumlisha hivyo, kila tarakimu inajitegemea na zote zinaweza kufanywa kwa pamoja. Hesabu ya kawaida haiitupi ile moja, na ndiyo inayochelewesha: katika namba za biti 64, ile moja ya kubeba huenda ikasafiri kutoka biti ya kwanza hadi ya mwisho kabla jibu halijatulia. Pakua Icarus Verilog, programu ya kuigiza saketi, nayo ni bure, ujenge kijumlishi cha biti 8 kinachosubiri kubeba, kisha kingine kinachotabiri kubeba mapema. Ukifika hapo, soma msimbo wa Berkeley SoftFloat, programu inayotekeleza hesabu za IEEE 754. Umeandikwa kwa usafi ambao sijauona kwingi.

Kuhusu masomo, hisabati na fizikia usiziache kidato cha nne. Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko Tudor, feri moja na matatu moja kutoka Likoni. Mimi ningechagua uhandisi wa umeme au hisabati kuliko kozi fupi za kutengeneza tovuti, ingawa hizi ndizo zinazoleta pesa haraka.

Kazi zipo za namna tatu. Ya kwanza iko karibu: benki, sako na kampuni za malipo ya simu zinahitaji mtu wa kuthibitisha kwamba riba, ada na ushuru havipotezi wala havizui senti. Ya pili ni kukagua chipu. Mwaka 1994 mtaalamu wa hisabati Thomas Nicely aligundua kwamba Pentium, chipu ya Intel, inakosea kugawa. Jedwali la kugawia la chipu hiyo lilikosa namba tano, nayo Intel ikatenga dola milioni 475 kwa hasara hiyo. Tangu hapo watengenezaji chipu huajiri watu wa kuthibitisha hesabu kwa mantiki kabla chipu haijachongwa. Ya tatu ndiyo inayokua sasa: akili bandia hutumia namba fupi za biti 16, hata 8, na kila mtengenezaji anatafuta jinsi ya kukata zaidi bila kuharibu jibu.

Mwajiri wa mbali hatakujua kwa cheti. Mwonyeshe kosa ulilolipata katika programu huria, jaribio dogo linalolirudia, na marekebisho yako. Moja la namna hiyo linazungumza kuliko kurasa tatu za wasifu.

Na chama cha Mtongwe? Nilirudi, nikawaeleza kwamba 434 mara 23 ni 9,982, zinabaki shilingi 18, nikauliza ziende wapi. Walijadiliana kidogo, mweka hazina akasema ziingie mfuko wa matanga. Nikaandika hivyo katika programu, na chini yake nikaweka tarehe ya kikao.