SOMO: BIMA YA MKOPO WA NYUMBA HUMLINDA NANI?



Somo la safari hii limetokana na swali la mwenzetu mmoja wa Bugoye. Kijana wake anakaa Waltham, karibu na Boston, Marekani, mji ambao watu wengi wa Uganda wamehamia. Kijana anataka kununua fleti katika jengo ambalo ndiyo kwanza limekwisha kujengwa. Ameandika nyumbani kwamba mkopo wake utakuwa na "bima ya serikali", na anaomba wazee wamsaidie sehemu ya malipo ya mwanzo. Mzee yuko tayari kuuza ng'ombe na kahawa ya msimu mzima. Alichotaka kujua ni hiki: "Mwanangu akishindwa kulipa, serikali itamlipia?"

Wengi mkutanoni waliitika kwamba ndiyo, maana bima ni bima. Jibu ni hapana. Tena kosa hilo linaweza kumponza hata mtu wa Kasese au Bwera ambaye hajawahi kuvuka mpaka wa Mpondwe.

Idara ya Marekani iitwayo FHA iliundwa mwaka 1934, wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, benki zilipoogopa kukopesha na watu wengi walipopoteza nyumba zao. FHA yenyewe haikopeshi mnunuzi. Benki ndiyo inayokopesha, na FHA inaiahidi benki kwamba mkopaji akishindwa, na nyumba isipotosha kulipa deni, itaifidia hasara. Tazameni vizuri hapo nani analindwa na nani analipa. Anayelindwa ni benki. Anayelipa ada ya bima ni mkopaji: asilimia 1.75 ya mkopo mwanzoni, kisha ada nyingine ya kila mwaka inayokatwa mwezi kwa mwezi. Faida anayopata ni kwamba benki, kwa kuwa haina hofu, inakubali malipo ya mwanzo yaliyo madogo, hata asilimia 3.5 ya bei, kwa mtu mwenye rekodi nzuri ya madeni. Hiyo ni faida ya kweli kwa mtu wa mshahara. Lakini akishindwa kulipa, nyumba huuzwa na yeye hutoka.

Sasa tuje kwenye fleti. Mtu akinunua nyumba iliyosimama peke yake, mkopeshaji humchunguza yeye na nyumba. Akinunua fleti, huchunguza hata majirani. Paa, ngazi, mabomba na ua ni mali ya wote, na kila mwenye fleti huchangia kila mwezi matunzo ya vitu hivyo. Nusu ya majirani wakiacha kuchangia, paa litavuja juu ya kichwa cha yule anayelipa, na fleti yake itashuka bei pamoja na zao.

Kwa sababu hiyo FHA, ambayo imeruhusiwa kuweka bima kwa mikopo ya fleti tangu 1961, hulikagua jengo zima. Kwa kawaida hutaka angalau nusu ya fleti zikaliwe na wenyewe, ingawa kiwango hicho kinaweza kupunguzwa. Fleti zenye deni la michango la zaidi ya siku 60 zisizidi asilimia 15. Asilimia 10 ya bajeti ya chama cha wenye fleti iwekwe akiba kwa matengenezo makubwa. Jengo lililopita huingizwa katika orodha, na kibali chake hudumu miaka 3. Tangu Oktoba 2019 fleti moja inaweza kupewa kibali peke yake hata kama jengo halimo katika orodha, lakini jengo liwe limekamilika na tayari kukaliwa.

Anayeomba kibali cha jengo zima si mnunuzi. Ni mjenzi, au chama cha wenye fleti, au mkopeshaji. Kijana anaweza kuwa na mshahara mzuri na karatasi zote safi, bado akakataliwa kwa sababu ya jengo. Basi mzee amwulize mwanawe kabla ya kuuza ng'ombe: jengo limo katika orodha ya FHA? Kama halimo, limekamilika? Na wewe mwenyewe una kibali cha ukaazi wa kudumu? Hilo la mwisho ni jipya: tangu Mei 2025 karibu wageni wote wasio raia wala wakaazi wa kudumu hawapewi tena bima hiyo.

Kuna jambo jingine linalomhusu mzee mwenyewe. FHA inakubali msaada wa wazazi katika malipo ya mwanzo, lakini uwe zawadi. Mzazi hutia sahihi barua kwamba hatadai kurudishiwa, na fedha zionekane zilikotoka. Mzee akiwa amekusudia kumkopesha tu mwanawe, asitie sahihi barua hiyo. Afadhali wazungumze mapema kama watu wa nyumba moja.

Turudi kwetu. Uganda ina sheria ya fleti za kumilikiwa moja moja tangu 2001. Kwa sheria hiyo jengo hupimwa, ramani yake husajiliwa, na kila fleti hupata hati yake, yaani taito. Wenye fleti huwa chombo kimoja cha kutunza vitu vya shirika. Lakini ardhi lazima iwe ya hati: ya milki kamili, ya mailo au ya kukodishwa. Ardhi ya kimila, kama ilivyo nyingi milimani kwetu, haisajiliwi hivyo mpaka kwanza ibadilishwe umiliki.

Mkopo wa nyumba hapa husimama juu ya taito. Katika jengo jipya hapo ndipo mitego ilipo. Mjenzi mara nyingi amekopa kwa kuweka rehani taito mama ya kiwanja kizima. Mnunuzi akilipa kabla taito ya fleti yake haijatengwa, amenunua ahadi. Mjenzi akianguka, benki yake itashika jengo. Ombeni kuona kwa msajili wa ardhi kama taito mama ina rehani, na mpate barua ya benki ya mjenzi inayosema fleti yenu itaachiliwa mkilipa. Ombeni pia kibali cha kukalia jengo, kinachotolewa chini ya sheria ya majengo ya 2013. Benki makini itauliza hayo hayo.

Kenya na Tanzania zina makampuni ya kuzipatia benki fedha za muda mrefu za mikopo ya nyumba, KMRC na TMRC. Hayo nayo si bima ya mkopaji.

Hesabu yenyewe tusiikwepe. Tuseme umekopa shilingi 60,000,000 kwa riba ya asilimia 16 kwa miaka 15. Kila mwezi utalipa kama 881,000. Mwezi wa kwanza 800,000 ni riba tupu. Deni linapungua kwa 81,000 tu. Hadi mwisho utakuwa umelipa zaidi ya milioni 158. Wengi wetu wa viwandani na mashambani mshahara hautoshi hata hiyo riba, na wakala anayesema "usijali, ina bima" hajajibu swali hilo. Ukishindwa, sheria ya rehani ya 2009 inataka upewe notisi ya siku 45 za kazi kulipa malimbikizo, kisha notisi nyingine ya siku 21 za kazi kabla ya kuuzwa. Nyumba ya familia haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mke au mume.

Hapa Kasese neno bima lina mtego mwingine pia. Tarehe 1 Mei 2013, Siku ya Wafanyakazi, mto Nyamwamba ulifurika na kubomoa nyumba za Kilembe. Ukafurika tena Mei 2020. Bima ya mkopo haijengi nyumba iliyochukuliwa na maji. Hiyo ni kazi ya bima ya jengo, na isomwe kama mafuriko yametajwa ndani yake. Mkopaji akifa, kinacholipa deni ni bima ya maisha, ikiwa ilikatwa. Hizo ni karatasi tatu tofauti. Ulizeni kila moja inamlipa nani.

Maswali ya kujadili katika tawi:

Ni nani kati yetu amelipia kiwanja au nyumba ambayo hajaona taito yake, na atauliza wapi wiki hii?

Mwanachama wa NSSF aliyefikisha miaka 45 na kuchangia miaka 10 anaruhusiwa, tangu 2022, kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake. Je, inafaa kuitumia kama malipo ya mwanzo ya mkopo, au kujengea taratibu bila deni?